Mwambie Mgonjwa Asimame

Upo ugonjwa ambao mtu akikaa haupo, akilala haupo, akitembea haupo. Akisimama tu na kutulia mahali pamoja, miguu inaanza kutetemeka ndani kwa ndani, magoti yanakosa nguvu, na macho yanatafuta ukuta, mti, bega la mtu, chochote cha kushika. Akikaa, umekwisha. Madaktari wanauita mtetemeko wa kusimama. Ni ugonjwa adimu, na kwa kuwa unatoweka mara tu mtu anapopata kiti, walio nao hukaa miaka mingi wakieleza jambo ambalo hakuna anayeliona.

Nimeufahamu kupitia mama yangu mkubwa, mkazi wa Makanyagio, Mpanda mjini, mkoani Katavi. Ameniruhusu nisimulie habari zake, ila jina lake nimelihifadhi. Ni mwanamke aliyelima mahindi na karanga tangu usichana wake, akapalilia tumbaku ya watu na ya kwake, akatembea kwa miguu masafa ambayo sisi watoto wake tunayapandia bodaboda bila kufikiri mara mbili. Ukimwambia leo twende shambani, atakutangulia njiani. Kwa hiyo aliposema, "Mwanangu, miguu yangu hainibebi," hakuna aliyemwelewa. Tulimwona akitembea.

Dalili zilianza akiwa na miaka hamsini na kitu, na mahali pa kwanza zilipoonekana ni kwenye mashine ya kusaga. Pale mtu anapanga debe lake kwenye foleni, anasimama, anasubiri. Foleni ikisogea, mama mkubwa mzima kabisa. Foleni ikikwama, kabla dakika haijaisha anaanza kuhamisha uzito, mguu huu, mguu ule. Kisha anarudi nyuma hatua mbili, anakwenda mbele hatua mbili. Kisha anamwomba mtu amtazamie debe, anazunguka mashine nzima, anarudi. Kukaa chini kwenye vumbi la unga mtu mzima kama yeye aliona haya, kwa hiyo alitembea. Wengine walimwona hana subira.

Baadaye ikawa kanisani. Misa ina nyakati za kukaa, za kupiga magoti na za kusimama. Kupiga magoti hakukumsumbua. Kusimama kwa Injili, na baada ya mahubiri kusimama tena kwa Nasadiki, ndiko kulikomshinda. Akahama benchi lake la miaka yote, akaenda kukaa pembeni ili aegemee ukuta. Ukuta ulimsaidia sana: kidole tu kikigusa ukuta, mtetemeko unapungua. Lakini kwaya haisimami ukutani. Alikuwa akiimba sauti ya pili tangu nikiwa mtoto, na siku moja akarudisha sare yake akasema amezeeka, wacha vijana waimbe. Sisi nyumbani tulijua hajazeeka. Nadhani hapo ndipo ugonjwa huu ulipomuumiza kuliko mahali pengine popote, na haukuwa na maumivu hata kidogo.

Kuna mambo mengine madogo ambayo nikiyapanga sasa yanasema kitu kimoja. Aliacha kuoga amesimama, akawa anaingia bafuni na kigoda. Aliacha kusimama barabarani kusalimiana kwa urefu, salamu zake zikawa za kupita, na wazee wa mtaa wakaona amekuwa na majivuno. Msibani, mstari wa kuaga mwili ulipokuwa ukienda alikwenda nao vizuri, ulipokwama mbele alijitoa akatoka nje, na watu wakasema amezidiwa na majonzi. Kila mahali alipewa sababu, na kila sababu ilikuwa na maana yake pale ilipotolewa. Mvivu. Ana maringo. Ana huzuni. Amezeeka. Na kwa kuwa shida iko miguuni, yakasemwa yale yanayosemwa siku zote: amekanyaga kitu, kuna mtu amemtegea njiani. Alikwenda kwa mganga kwa sababu hiyo, akachanjwa, akapewa dawa ya kujifukiza, akarudi na alama za wembe kwenye magoti.

Hospitali alikwenda pia, tena mara nyingi. Na hapa ndipo napenda kutulia kidogo, kwa sababu ndipo somo lote lilipo.

Mgonjwa anaingia chumba cha daktari. Ni mtu mzima, amevaa kitenge chake safi, amesubiri tangu asubuhi. Daktari mwenye adabu anafanya nini? Anamwambia, "Shikamoo mama, karibu, kaa." Kumpa mzee kiti ni heshima ya kwanza katika malezi yetu, na asiyefanya hivyo tunamshangaa. Mama mkubwa anakaa. Papo hapo ugonjwa unaondoka chumbani. Anapimwa presha akiwa amekaa, iko sawa. Anachukuliwa damu, malaria hakuna. Magoti yanapigwa kinyundo akiwa amekaa, yanaruka vizuri. Anaambiwa apande kitandani alale, miguu inasukumwa na kuvutwa, ina nguvu zote. Anaambiwa atembee hadi mlangoni na kurudi, anatembea kama msichana. Picha ya uti wa mgongo inaonyesha mifupa ya mtu wa umri wake. Anaandikiwa dawa ya maumivu, ingawa hakusema anaumwa mahali popote, na vitamini. Safari moja aliambiwa ni wasiwasi, apunguze mawazo.

Simlaumu aliyemwambia hivyo, na mahali sipataji. Kila kipimo alichofanya kilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni dakika moja ya kumwacha mgonjwa amesimama katikati ya chumba, mbali na meza na ukuta, bila kumwambia afanye lolote.

Daktari aliyeufichua alikuwa kijana, na aliufichua kabla mama mkubwa hajaingia chumbani kwake. Alikuwa akipita kwenye ukumbi wa wagonjwa wa nje, mabenchi yamejaa, wengi wamesimama. Akaona mama mmoja ambaye hatulii: anaegemea nguzo, anaiacha nguzo, anatembea, anarudi kwenye nguzo. Zamu yetu ilipofika, maana siku hiyo nilimsindikiza, hakumkaribisha kiti. Alimwomba radhi kwanza, akasema, "Mama, naomba usikae bado." Kisha akauliza swali ambalo katika miaka yote ile hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Shida inaanza lini, na inaisha lini?"

Mama mkubwa akaeleza. Ikianza, ni akiwa amesimama tu. Ikiisha, ni akikaa au akianza kutembea. Kizunguzungu hakuna. Giza machoni hakuna. Mapigo ya moyo hayaendi mbio. Kichwa kiko sawa, isipokuwa hofu ya kuanguka, na hofu hiyo inakuja baada ya miguu kuanza, haiji kabla.

Daktari akamvua viatu, akamsimamisha katikati ya chumba, muuguzi akiwa karibu kumdaka, akatazama saa yake. Kwa macho hakukuwa na kitu cha kuona. Miguu ya mama mkubwa ilionekana imetulia. Nusu dakika ikapita, uso wake ukaanza kukaza, vidole vya miguu vikashika sakafu, mikono ikatanuka. Daktari akaweka kiganja kwenye nyama ya paja, juu ya goti. Akaniita nami niweke. Mtetemo ule ulikuwa mwembamba na wa kasi sana, unausikia mkononi hali jicho halioni chochote. Halafu akachukua stetoskopu, ile ile ya kusikilizia kifua, akaiweka nyuma ya mguu kwenye shavu la mguu, akasikiliza, akanipa mimi masikioni. Nilisikia helikopta. Iko mbali, inapiga mapanga yake mfululizo bila kupumzika. "Mama, sasa kaa." Kimya. "Simama tena." Sekunde kadhaa, helikopta ikarudi.

Mama mkubwa akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia. Akasema, "Basi kumbe kipo," na akalia, na nilielewa kwamba hakuwa analia kwa kuambiwa ni mgonjwa.

Sauti ile si ugunduzi wa Mpanda. Aliyeiandika ni daktari wa London, Peter Brown, mwaka 1995, na tangu hapo inafundishwa kuwa alama ya ugonjwa huu. Ugonjwa wenyewe ulipewa jina mwaka 1984 na Kenneth Heilman wa Florida, Marekani, aliyeeleza wagonjwa 3 tu. Misuli ya miguu, na pengine ya kiwiliwili, inatetemeka mara 13 hadi 18 kwa sekunde moja. Kasi hiyo ndiyo sababu jicho halioni. Ndiyo sababu pia mgonjwa mwenyewe mara nyingi hasemi natetemeka. Anasema nayumba, sina imani na miguu, nikisimama naona kama nitaanguka. Anayesubiri kusikia neno "kutetemeka" ili afikirie ugonjwa huu atasubiri sana. Miguu yote miwili inatetemeka kwa mpigo mmoja, kana kwamba inaamriwa kutoka mahali pamoja, na ndivyo wataalamu wanavyoamini: amri inatoka ndani ya ubongo, pengine sehemu za nyuma na chini zinazoshughulika na kusimama na mizani ya mwili, ingawa picha ya ubongo mara nyingi haionyeshi kasoro. Kipimo cha uhakika ni mashine inayoandika umeme wa misuli mgonjwa akiwa amesimama. Mama mkubwa alipewa rufaa, akaenda kupimwa Dar es Salaam, na mashine ikaandika kile kile ambacho stetoskopu ilikuwa imeshasema Mpanda.

Mwaka 2016 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika kuhusu wagonjwa 184 wa aina hii waliopita mikononi mwao. Zaidi ya nusu walikuwa wanawake, umri wa kuanza kuugua ulikaribia miaka 60, na tangu dalili kuanza hadi ugonjwa kujulikana ilipita kwa wastani miaka 7. Niliposoma hayo nilisimama hapo kwa muda. Huko kila mashine ipo, wataalamu wapo, na bado miaka 7. Kwa hiyo isije ikasemwa kwamba mama mkubwa alicheleweshwa kwa sababu ni mwanamke wa Katavi na Katavi iko mbali. Kuna mambo mengi ambayo umbali wetu unatunyima, na safari ya Dar es Salaam si ndogo kwa mkulima. Lakini kilichomchelewesha yeye ndicho kilichowachelewesha wale wa Marekani: walikaribishwa kiti.

Msomaji mwenye mzazi anayelalamika miguu atataka kujua anatofautishaje. Nitasema ninavyofahamu, na tabibu atasema zaidi.

Kubwa la kwanza ni presha inayoshuka mtu anaposimama. Hii ni ya kawaida kuliko mtetemeko wa kusimama, hasa kwa wazee, wenye kisukari na wanaotumia dawa za presha. Nayo huja mtu akisimama na huondoka akikaa, ndiyo maana zinachanganywa. Lakini presha ikishuka kichwa ndicho kinacholalamika: kizunguzungu, giza machoni, hata kuzimia. Kwenye mtetemeko wa kusimama kichwa kimetulia, miguu ndiyo inayolalamika. Kipimo chake hakihitaji chochote zaidi ya mashine ya presha ya kawaida: mgonjwa alale dakika 5, apimwe, asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, umepata jibu lako. Mama mkubwa alipimwa presha mara nyingi maishani, na kila mara amekaa.

Ugonjwa wa Parkinson ni habari nyingine. Mtetemeko wake ni wa polepole, mara 4 hadi 6 kwa sekunde, jicho linauona vizuri, na huanza mara nyingi na mkono mmoja ukiwa umepumzika mapajani. Mwendo unakuwa mzito, hatua fupi, uso unakosa tabasamu. Mama mkubwa akitembea huna la kumwambia. Wapo pia wanaotetemeka mikono wanaposhika kikombe au kalamu, na mara nyingi jambo hilo liko katika ukoo. Wenye kisukari cha muda mrefu, upungufu wa vitamini B12 au walioathirika na dawa fulani hupata ganzi na moto kwenye nyayo, na hao huyumba zaidi gizani au wakifumba macho. Walevi wa muda mrefu huyumba wanapotembea, na hapo ndipo tofauti ilipo, kwa kuwa kutembea kwa mgonjwa wetu ndiyo nafuu yake.

Katika nchi yetu yako pia magonjwa ya miguu yenye historia yake. Wakati wa ukame wa katikati ya miaka ya 1980, watu wa Tarime walipatwa na konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla kwa sababu ya kula mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha, na haurudi nyuma. Mama wa Katavi anayelowanisha mihogo siku za kutosha kabla ya kuianika anafanya kinga bila kujua. Malale nayo, inayoletwa na mbung'o wa mapori yetu, huweza kuleta mitetemeko na mwendo mbaya ikishafika kwenye ubongo, lakini haiji peke yake: inatanguliwa na homa, na usingizi unavurugika. Anayeishi pembezoni mwa hifadhi ya Katavi akiona hayo asingoje.

Ninayaeleza yote haya kwa kuwa ugonjwa adimu haupaswi kuwa wa kwanza kufikiriwa. Unapaswa kuwa kwenye orodha. Hilo tu. Na ili uwe kwenye orodha, mtu mmoja lazima amwone mgonjwa katika hali inayouleta.

Miaka kadhaa nyuma watafiti walifanya kazi ambayo naiheshimu sana katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Walitafuta nyumba kwa nyumba wagonjwa wa Parkinson katika watu zaidi ya 161,000, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu yao hakuna aliyekuwa amewahi kuwaambia wanaumwa nini. Walikuwa majumbani mwao, wakitetemeka mbele ya watoto na wajukuu, na wameshazoeleka hivyo. Parkinson inaonekana kwa macho. Kama inayoonekana inafichika kiasi hicho, ile isiyoonekana iko wapi? Sisemi Mpanda imejaa wagonjwa wa mtetemeko wa kusimama. Haijajaa, ugonjwa huu ni wa nadra kokote duniani. Ninasema aliyepo hatafutwi.

Na wanaopaswa kumtafuta tunao. Watu wa mkoa wetu hawapendi kuambiwa kwamba tiba nzuri haiwezi kufanyika huku, na wana haki, maana huku huku Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, aliishi Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa udaktari kisiwani Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Hakuondoka tena. Alitibu watu wa ziwani na wa milimani hadi alipofariki mwaka 1956, zaidi ya miaka 60. Hospitali moja ya Sumbawanga inabeba jina lake. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuwa na picha za mionzi wala maabara ya kisasa. Mtu wa namna ile alitegemea macho, mikono, masikio, na kumfahamu mgonjwa wake nyumbani kwake, shambani kwake na kanisani kwake. Mgonjwa asiyeweza kusimama kwenye Injili, Atiman angemwona Jumapili.

Tumepata vifaa vingi tangu wakati ule, na namshukuru Mungu kwa kila kimoja. Tumepoteza muda wa kumtazama mtu kabla hajakaa.

Kwangu mimi jambo hili limetoka nje ya hospitali. Nafundisha watoto, na kwa miaka nimewapima wakiwa darasani, kwenye madawati, kwa sababu hapo ndipo ninapowakuta. Mtoto anayenyamaza darasani nikiambiwa nyumbani anasimulia hadithi hadi usiku, siku hizi namuuliza mzazi wake ni lini anasimulia, kwa nani, na kukiwa na nani karibu. Mke anayesema mume wake mpole anambadilikia, na sisi tumekaa na huyo mume barazani tukaona upole wake, hatuna haki ya kumwambia mwanamke huyo kwamba anazusha. Tumemwona mume akiwa amekaa. Kijana anayesema kazi fulani inamvunja, na tunamwona Jumapili akicheka. Kabla ya kuuliza kwa nini, uliza lini. Nimeona swali hilo likifungua midomo ambayo "una shida gani" ilikuwa imeifunga kwa miaka.

Tiba ipo kwa kiasi. Dawa inayotumika zaidi inaitwa klonazepamu, na nyingine ni gabapentini. Kwa baadhi hupunguza mtetemeko, kwa wengine hazisaidii kitu, na hakuna inayouondoa moja kwa moja. Klonazepamu inaleta usingizi, mwili unaizoea, na mzee anaweza kuanguka kwa sababu ya dawa badala ya ugonjwa, kwa hiyo si dawa ya kununua dukani kwa kusikia kwa jirani, wala ya kuachwa ghafla. Katika nchi zenye uwezo, wachache waliozidiwa hupandikizwa kifaa cha umeme ndani ya ubongo. Ugonjwa wenyewe hauui, ila kwa wengine huongezeka polepole.

Mama mkubwa anakunywa dozi ndogo usiku. Sasa anaweza kusimama muda unaotosha kusalimiana kama mtu mzima anavyotakiwa kusalimiana. Kwenye mashine ya kusaga anakwenda na kiti cha kukunja, na hakuna anayemuuliza, kwa sababu amewaeleza, na jambo lililoelezwa watu wa Mpanda hulipokea vizuri. Mwalimu wa kwaya alipopata habari alikuja nyumbani na sare ile ile. Wamemwekea kiti mwisho wa mstari wa sauti ya pili. Anaimba amekaa.

Nina ombi kwa matabibu, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kuanzia Mishamo hadi Majimoto, kuanzia Inyonga hadi Karema. Akija mtu mzima anasema miguu haimbebi, na akikaa hana kasoro, msimwambie ni mawazo kabla hajasimama. Mweke katikati ya chumba, miguu mitupu, mbali na ukuta, mtu karibu wa kumdaka. Mpe dakika mbili. Weka kiganja kwenye paja. Weka stetoskopu nyuma ya mguu. Mpime presha akiwa amelala na akiwa amesimama. Hayo yote hayahitaji umeme, wala bima, wala rufaa. Ukisikia ile helikopta, ndipo uandike rufaa, na uandike kwa maandishi ulichosikia, ili daktari bingwa atakayempokea asianze kwa kumkaribisha kiti.

Na wewe mwenye mzazi anayeacha kwenda kanisani, msikitini, sokoni au msibani bila sababu unayoielewa, leo ukimaliza kumwamkia, muulize ni lini miguu inamsumbua, akiwa amesimama au akiwa anatembea. Kisha mpeleke akasimame mbele ya mtu anayejua kutazama.